Kuweka Kumbukumbu ya Michoro ya Ukutani: Mwongozo Kamili kwa Wasanii wa Mitaani

Katika magofu ya Husuni Kubwa, Kilwa Kisiwani, kuna michoro ya vyombo vya baharini iliyokwaruzwa kwenye plasta ya jumba la karne ya 14. Ndani ya Fort Jesus, Mombasa, askari wa Kireno waliochoka kukaa zamu waliacha michoro ya meli ukutani. Mwaka 1964 watafiti wawili, Peter na Margaret Garlake, walichapisha uchunguzi wao juu ya michoro ya vyombo katika kuta za kale za pwani yetu, na mpaka leo wanaosoma historia ya mitepe na majahazi wanaitegemea. Tanga linaonekana, mlingoti unaonekana. Jina la aliyekwaruza plasta halipo, wala siku aliyofanya hivyo, wala sababu.

Sisi tunaochora kuta leo tuna simu yenye kamera mfukoni, na bado kazi nyingi zinapotea vilevile. Mwenye nyumba anabadilisha rangi, barabara inapanuliwa, duka linapata mpangaji mpya, na mchoro uliochukua wiki nzima unabaki kama picha moja iliyopinda kwenye simu ya mpita njia. Nyumba ya Sanaa ya Dar es Salaam, alikofanya kazi msanii George Lilanga na wenzake, ilibomolewa. Wanaoikumbuka wapo, lakini kila mwaka wanapungua.

Mtu yeyote anaweza kupiga picha ya ukuta. Ila ni mchoraji peke yake anayejua kilicho chini ya rangi: nani aliagiza, nani alishika ngazi, rangi gani ilichanganywa na ipi, kwa nini yule mama aliyechorwa ameangalia kushoto. Na ni mchoraji peke yake, kwa kawaida, mwenye mamlaka ya kuruhusu picha za kazi yake zichapishwe kwa uhuru. Mwongozo huu unamhusu yeye kwanza, halafu mwenzake anayetaka kuhifadhi kazi za wengine.

Hatua ya 1: Anza kabla brashi haijagusa ukuta

Kumbukumbu bora huanza siku ya makubaliano. Ukikubaliana na mwenye ukuta, awe shule, baa, hospitali au serikali ya mtaa, andikeni hata ukurasa mmoja. Wasanii wengi huishia kwenye bei na tarehe ya kumaliza. Ongeza mistari hii miwili:

"Mchoraji anabaki na hakimiliki ya mchoro, na ana ruhusa ya kuupiga picha na kuzichapisha picha hizo. Mwenye ukuta atampa mchoraji taarifa ya siku 14 kabla ya kuufuta, kuupaka rangi juu yake au kubomoa ukuta."

Siku 14 si sheria, ni mapatano tu. Mwingine atakupa saba, mwingine atakataa kabisa. Lakini nimeona kwamba watu wengi hukubali ukiwaomba mapema, kwa sababu haiwagharimu kitu. Taarifa hiyo ndiyo inayokupa nafasi ya kwenda kupiga picha za mwisho badala ya kukuta ukuta mweupe.

Kisha piga picha ukuta ukiwa mtupu. Utaonyesha nyufa zilizokuwepo, plasta ilivyokuwa, na kama kulikuwa na mchoro wa mtu mwingine chini. Kama upo, simama kwanza. Huo nao ni kazi ya sanaa, na wewe ndiye mtu wa mwisho kuuona. Upige picha kwa utaratibu uleule utakaoutumia kwa kazi yako, na uulize mtaani ni wa nani.

Rasimu za kwenye karatasi usizitupe. Zipige picha juu ya meza karibu na dirisha, ukiandika tarehe nyuma ya kila moja. Rasimu iliyokataliwa na mwagizaji ina thamani sawa na iliyokubaliwa, pengine zaidi.

Hatua ya 2: Piga picha kama fundi, si kama mtalii

Hapa ndipo kazi nyingi zinaharibika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Simu ya kawaida inatosha. Kinachoamua ubora ni mwanga, mahali uliposimama na subira. Safisha lenzi kwa kitambaa laini. Ingia kwenye mipangilio ya kamera, chagua ukubwa wa juu kabisa wa picha, washa mistari ya kugawa skrini, zima vichujio vyote vya urembo. Usitumie lenzi pana sana, ile inayoandikwa 0.5 kwenye simu nyingi, kwa sababu inavuta kona na kuukunja ukuta. Tumia lenzi ya kawaida na urudi nyuma. Kama barabara ni nyembamba huwezi kurudi nyuma, utapiga vipande, nitaeleza hapo chini.

Mwanga unaofaa ni wa kivuli kilichosawazika au wingu jepesi. Jua kali likipiga ukuta kwa mshazari, kila chembe ya mchanga kwenye plasta inatupa kivuli chake na mchoro unaonekana wenye ndui. Kivuli cha nguzo ya umeme au cha mwarobaini kikikatiza katikati, picha imeharibika. Kwa hiyo jua kwanza ukuta wako umeangalia wapi. Ukuta unaoangalia magharibi upige asubuhi, saa tatu hadi saa nne, jua likiwa bado nyuma yake lakini limeshapanda kiasi kwamba haliingii kwenye lenzi. Unaoangalia mashariki upige alasiri. Kuta za kaskazini na kusini zinafuata majira: kwa Dar es Salaam, jua la mchana huwa upande wa kaskazini kuanzia Machi hadi mapema Oktoba, na upande wa kusini katikati ya Oktoba hadi mwisho wa Februari. Ukuta wa kusini, basi, utaupata kivulini katikati ya mwaka.

Kazi iliyopakwa rangi ya mafuta inang'aa na kurudisha mwanga. Sogea hatua mbili kushoto au kulia mpaka mng'ao uondoke, au subiri wingu. Usiwashe flashi.

Sasa picha zenyewe. Kwa kila kazi ninapiga kwa mpangilio huu:

1. Picha ya mahali. Rudi nyuma hadi uonyeshe mtaa: duka la jirani, mti, nguzo, barabara. Bila hii, baada ya miaka kumi hakuna atakayejua ukuta ulikuwa wapi.
2. Mchoro mzima, umesimama katikati kabisa na simu imenyooka sambamba na ukuta. Usiinamishe simu juu. Kama ukuta ni mrefu kwenda juu, omba ruhusa upande kibaraza au ghorofa ya jengo la upande wa pili.
3. Mchoro mzima tena, safari hii na karatasi nyeupe ya A4 imebandikwa pembeni kwa utepe wa karatasi wenye gundi isiyochubua rangi. Karatasi hiyo inafanya kazi mbili: ina milimita 210 kwa 297, kwa hiyo ni kipimo, na weupe wake unasaidia kurekebisha rangi baadaye kwenye kompyuta.
4. Sehemu muhimu kwa karibu: uso, mikono, maandishi, sahihi yako.
5. Rangi kwa karibu zaidi, umbali wa kiganja, ionekane ni brashi, rola au kopo la kupuliza.
6. Kila kasoro: ufa, mahali palipobanduka, chumvi iliyotoka ukutani.

Ukuta mrefu kama uzio wa shule upige kwa vipande. Tembea sambamba nao, umbali uleule, na kila picha ichukue theluthi moja ya picha iliyotangulia. Usisimame mahali pamoja ukazungusha simu. Vipande vya namna hiyo havitaungana vizuri. Programu za bure za kuunganisha picha zipo kwenye simu na kompyuta, lakini hata usipoziunganisha leo, mwingine ataweza kesho alimradi vipande vimepishana.

Na kazi ikiwa inaendelea? Mpe msaidizi simu mara mbili kwa siku, asubuhi kabla ya kuanza na jioni baada ya kufunga makopo. Apige kutoka pale pale kila mara. Weka jiwe au alama ya chaki alipokanyaga. Siku ya mwisho panga makopo yote chini, vifuniko vikionekana, uyapige picha moja. Namba za rangi na jina la kiwanda viko pale, na ukija kurekebisha mchoro baada ya mvua tatu utashukuru.

Hatua ya 3: Jaza karatasi ya kazi jioni ileile

Picha bila maelezo ni nusu ya kumbukumbu. Tengeneza karatasi moja ya kudumu, iwe daftari, jedwali la kompyuta au fomu kwenye simu, na ujaze mambo haya kwa kila kazi:

Jina la kazi, kama ulivyoliita wewe. Kama haina jina, andika "haina jina" na maelezo mafupi. Jina la mchoraji, la kuzaliwa na la ukutani. Wasaidizi wote, na kila mmoja alifanya nini. Tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Mahali: nchi, mkoa au kaunti, wilaya, mtaa, alama ya karibu, na namba za mahali unazopata ukibonyeza na kushikilia kwenye ramani ya simu. Ukuta umeangalia wapi. Urefu na kimo. Kama huna futi ya kufika juu, pima tofali moja na nafasi ya udongo wake, kisha hesabu mistari. Ukuta ni wa nini: saruji, tofali la kuchoma, bati, mbao, mawe ya matumbawe. Ulipakwa nini kabla. Rangi gani, mikono mingapi. Nani aliagiza, nani alilipa, au kama ulichora kwa gharama zako. Maandishi yote yaliyo kwenye mchoro, herufi kwa herufi, hata kama kuna kosa la tahajia; kosa nalo ni sehemu ya kazi. Hali yake leo. Hakimiliki na ruhusa.

Halafu sehemu ambayo hakuna mwingine anayeweza kukujazia: ulitaka kusema nini. Usiandike kwa lugha ya maombi ya ufadhili. Chukua simu, jirekodi dakika tano ukiongea kama unavyomweleza rafiki, kwa Kiswahili chako cha kila siku, halafu uandike yale uliyosema. Eleza nani alikaa kama kielelezo, umbo lile ulilitoa wapi, watu waliopita walisema nini, nini ulibadilisha njiani kwa sababu yao.

Umuhimu wa kipengele hiki unaonekana kwenye kazi za Elimo Njau. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Njau, Mtanzania wa Marangu, alichora picha tano kubwa za maisha ya Kristo katika kanisa la kumbukumbu la Murang'a, Kenya, akiziweka hadithi za Injili kwenye ardhi na sura za watu wa Murang'a. Yeyote aingiaye anaona uzuri. Lakini kwa kuwa jina la mchoraji linajulikana, na nyakati zilizozizaa zinajulikana, yaani miaka ya hali ya hatari Kenya, wakati wa vita vya Mau Mau, picha zile zinasomeka kwa kina ambacho jicho pekee lisingefika.

Jina la ukutani liandike kwa namna moja tu, siku zote. Nairobi wanajulikana akina Swift9 na Bankslave, Dar es Salaam kundi la Wachata. Majina hayo yanatafutika kwa sababu yameandikwa vilevile kila mahali. Ukijiita kwa herufi tofauti kila mwaka, kazi zako zitatawanyika kama za watu watatu.

Hatua ya 4: Kazi za wengine, na za zamani

Ukimaliza zako, angalia mtaa wako. Msanii akihifadhi kazi ya msanii mwenzake anaona vitu ambavyo mpiga picha hatavitambua: kwamba huyu alitumia sponji, kwamba yule alianza kwa kugawa ukuta kwa miraba, kwamba mkono wa pili ni wa mtu mwingine.

Nendeni watatu. Mmoja anapiga picha, mmoja anapima, mmoja anaongea na watu na kuandika. Chagueni mtaa mmoja na mmalize kabla ya kwenda mwingine. Kabla ya kuanza, pitieni ofisi ya serikali ya mtaa kwa upande wa Tanzania, au kwa chifu kwa upande wa Kenya, mjitambulishe na muache namba ya simu. Kikundi chenye kamera kinachozunguka kikipima kuta za watu kinazua maswali, na ni haki yao kuuliza.

Nani anajua mchoro ni wa nani? Mara nyingi ni aliyekaa mbele yake kila siku. Mama lishe, fundi viatu, kijana wa bodaboda, mlinzi. Salimia kwanza, agiza chai, kaa. "Shikamoo mama, samahani, huu mchoro wa hapa ulichorwa lini?" Atakwambia ulichorwa mwaka ambao binti yake aliingia kidato cha kwanza, na kwamba mchoraji alikuwa analala hapo nyuma kwenye stoo. Andika kama alivyosema, kisha tafuta njia ya kuthibitisha: picha ya zamani, mchoraji mwingine, risiti, tarehe kwenye kona ya ukuta. Kwenye karatasi tenganisha kile ulichoambiwa na kile ulichokiona mwenyewe.

Sanamu na minara inahitaji uangalifu uleule, na inafundisha kwamba kumbukumbu haiishii kazi inapoondolewa. Dar es Salaam ya Wajerumani ilikuwa na sanamu ya gavana Hermann von Wissmann. Waingereza walipouchukua mji mwaka 1916 ikang'olewa. Mwaka 1922 ikasimamishwa Hamburg, kwenye chuo kikuu, na mwaka 1968 wanafunzi wakaiangusha. Sanamu ya Askari tunayoipita leo, kazi ya James Alexander Stevenson, iliwekwa 1927. Sanamu ile ya Wissmann ni kitu kimoja, miji miwili, maana tofauti kila ilipohamia. Kwa hiyo kwenye karatasi weka nafasi ya "historia baada ya kukamilika", na uiache wazi.

Kwenye kumbukumbu ya watumwa iliyo Mkunazini, Unguja, kazi ya Clara Sörnäs ya mwaka 1998, piga picha si sanamu tu bali shimo walimosimama na minyororo shingoni mwao. Kazi ile bila shimo lake haielezeki. Kwa kila sanamu zunguka pande zote, angalau picha nane, kisha kibao na maandishi yake, kisha uso kwa karibu.

Magari ni mchezo mwingine. Matatu ya Nairobi hubadilishwa sura mara kwa mara, na sheria nazo zilichangia: kanuni za Februari 2004 zilileta mstari wa manjano na kufifisha michoro kwa miaka. Nganya, yaani matatu iliyopambwa, ipigie picha gereji, siku inayotoka, kabla haijaingia barabarani. Pande zote nne, dari, ndani, viti. Andika sacco (ushirika wa wenye matatu), njia inayopita, na gereji. Ukisubiri uikute steji, utapata robo ya ubavu na kichwa cha makanga.

Hatua ya 5: Haki, ruhusa na majina ya kuficha

Watu watatu wana sauti juu ya picha moja ya mchoro, na kila mmoja ana kipande chake. Mwenye nyumba ana ukuta. Mchoraji kwa kawaida ana hakimiliki ya mchoro, isipokuwa aliiuza, au alichora kwa ajira au kwa kuagizwa na sheria au mkataba unampa mwingine haki hiyo. Mpiga picha ana haki ya picha aliyopiga. Kwa Tanzania Bara na Kenya, hakimiliki ya kazi ya sanaa inadumu maisha ya msanii na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo warithi nao wanahusika. Taasisi za kuuliza ni COSOTA kwa Tanzania Bara, COSOZA kwa Zanzibar na KECOBO kwa Kenya.

Mchoro kuwa barabarani hakumaanishi kila mtu anaweza kuuza picha yake. Sheria za nchi hazifanani katika jambo hili, na wanaohifadhi picha mtandaoni hulazimika kuwa waangalifu: picha nzuri zinafutwa kwa sababu tu hakuna aliyeleta idhini ya mchoraji. Hapo ndipo msaada wako unapokuwa mkubwa kuliko wa mpiga picha yeyote. Karatasi moja yenye sahihi yako inamaliza mjadala.

Leseni huria zinazotumika sana ni za Creative Commons. Ile ya CC BY inasema: tumia, lakini nitaje. CC BY-SA inaongeza: na ukitengeneza kitu kingine kutokana nayo, nacho kiwe chini ya masharti hayohayo. Wikimedia Commons, ghala la picha za Wikipedia, hupokea hizi mbili lakini haipokei leseni zinazokataza biashara. Fikiria kabla ya kutia sahihi, kwa sababu ukishatoa huwezi kurudisha, na mtu anaweza kuchapisha picha hiyo kwenye kalenda ya kuuza ilimradi amekutaja. Kwangu mimi hesabu inalipa: picha moja au mbili za kila kazi natoa kwa leseni huria, zile za sehemu za karibu zenye ubora wa kuchapishia bango nabaki nazo.

Maneno ya idhini yanaweza kuwa haya:

"Mimi ni mchoraji wa kazi iitwayo … iliyoko …. Naruhusu picha za kazi hii zilizopigwa na … zitumike kwa masharti ya leseni ya CC BY-SA 4.0. Naelewa kwamba ruhusa hii inahusu pia matumizi ya kibiashara na kwamba sitaweza kuiondoa. Nitajwe kwa jina la …."

Watu wanaoonekana kwenye picha waombe ridhaa, na watoto waepuke kabisa isipokuwa mzazi au shule imekubali kwa maandishi. Kambi za jeshi, vituo vya polisi, ikulu na vivuko usivipige bila kibali, hata kama mchoro uko kwenye uzio wake.

Kuna pia kazi zinazohatarisha waliozichora. Mwaka 2012 wachoraji wa Nairobi, wakiwa na mwanaharakati Boniface Mwangi, walichora mwanasiasa mwenye sura ya tumbusi kwenye ukuta wa mtaa wa Muindi Mbingu. Walijitokeza kwa majina yao, ila huo ulikuwa uamuzi wao, si wa mtu aliyepita na kamera. Mchoraji asiyetaka kujulikana mwandike "hajatajwa kwa hiari yake", futa saa na mahali kwenye taarifa zilizofichwa ndani ya faili la picha, na usibaki na jina lake hata kwenye nakala yako ya siri.

Hatua ya 6: Tunza mafaili

Hamisha picha kwa waya au kadi. Ukituma WhatsApp kama picha, inabanwa na taarifa zake za tarehe na mahali zinapotea. Kama huna njia nyingine, tuma kama dokumenti.

Lipe kila faili jina linaloeleweka bila kulifungua: mwaka, mwezi na siku kwanza, halafu mji na mtaa, jina la kazi, namba. Kwa mfano 2025-06-14_tanga-ngamiani_jina-la-kazi_03. Ukianza na mwaka, kompyuta itayapanga yenyewe kwa mfuatano wa nyakati. Picha asili usiiguse. Ukitaka kuipunguza au kurekebisha rangi, fanya kwenye nakala.

Weka nakala tatu: moja kwenye kompyuta au diski, ya pili kwenye hifadhi ya mtandaoni, ya tatu kwenye nyumba nyingine kabisa, kwa ndugu au rafiki. Fleshi ni ya kubebea, si ya kutunzia. Na chapisha picha mbili kwenye karatasi, moja yako, moja ya mwenye ukuta. Shule inayoning'iniza picha ya mchoro wake ofisini kwa mwalimu mkuu haifuti mchoro kirahisi.

Hatua ya 7: Weka mahali watu wataikuta

Instagramu ni dirisha la duka. Akaunti ikifungiwa au ukisahau nenosiri, kila kitu kimekwenda. Kwa kumbukumbu ya kudumu weka kwenye Wikimedia Commons picha ulizoamua kuzitoa, na maelezo yake kwa Kiswahili kwanza. Lugha nyingine zitafuata. Kama mchoro ni wako na picha ni ya mwenzako, nyote wawili mtoe idhini kwa barua pepe kupitia utaratibu wa ruhusa wa Commons.

Kwenye OpenStreetMap unaweza kuweka alama ya kazi ya sanaa mahali penyewe, bure, na ramani hiyo inatumiwa na programu nyingi za simu. Wakazi wa kawaida wanaiweza kazi hii: Kibera ilichorwa ramani na vijana wake kuanzia 2009 chini ya Map Kibera, na Dar es Salaam ikafuata na Ramani Huria mwaka 2015. Fikiria Kibera ya mwanzoni mwa 2008, katika ghasia zilizofuata uchaguzi, Solomon Muyundo, yaani Solo 7, alipozunguka akiandika maneno ya amani kwenye kuta, milango na mabati. Ramani ya maeneo hayo, ukuta kwa ukuta, ingekuwa hazina ya historia ya Kenya.

Makala ya Wikipedia kukuhusu wewe mwenyewe usiiandike. Watakufutia, na wana sababu. Unachoweza kufanya ni kutoa picha, tarehe sahihi, na nakala za magazeti yaliyoandika juu ya kazi yako, mwingine aandike. Lakini makala juu ya mbinu unayoijua, au ya msanii mkongwe wa mji wako asiyehusiana nawe, iandike, mradi una maandishi yaliyochapishwa ya kuitegemeza. Wikipedia ya Kiswahili ina upungufu mkubwa hapo.

Hatua ya 8: Rudi ukutani

Rudi kila baada ya masika, simama pale pale, piga picha ileile ya mchoro mzima. Pwani angalia sehemu ya chini kwanza: unyevu unapanda kutoka ardhini ukileta chumvi, rangi inavimba na kubanduka. Bara, jua ndilo adui. Nyekundu na njano za bei rahisi zinapauka kabla ya bluu. Andika kwa maneno ya wazi: imepauka, imebanduka, inatoa ungaunga, imeota kuvu, imebandikwa matangazo. Kama umeirekebisha, andika ulichogusa na ulichoacha.

Siku ukiambiwa ukuta unabomolewa, nenda na karatasi yako, rudia picha zote sita za hatua ya pili, na piga pia ubomoaji wenyewe kama ni salama. Kwenye rekodi jaza tarehe na sababu, na kwenye OpenStreetMap ondoa alama ili watu wasiende kutafuta kisichokuwepo. Picha za Commons na karatasi ya kazi zinabaki zilivyo.

Mwisho, mwambie mtu mmoja wa nyumbani mafaili yako wapi na nenosiri limeandikwa wapi. Haki zako zitamfikia yeye au wanao kwa miaka 50 baada yako, na atakayekuja kuomba ruhusa ya kuchapisha mchoro wako atahitaji mtu wa kuzungumza naye.